Kompyuta ya Mama Mdogo na Kirusi Kisichotaka Kuondoka

Ukishaingia chuo, nyumbani hawakuulizi tena unasoma nini. Uko chuo, basi unajua kompyuta. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, lakini kila likizo nakuta foleni ya simu zilizogoma na kompyuta zilizojaa virusi. Najua wengi wenu ni hivyohivyo, uwe wa sheria, wa kilimo au wa uuguzi. Makala hii ni yetu sisi mafundi wa kulazimishwa. Swali lake ni moja: kwa nini kirusi unakifuta leo, keshokutwa kipo palepale, na ufanye nini ili kisirudi?

Vitabu vinatutaka tuseme "programu hasidi", kwa sababu kirusi ni aina moja tu kati ya nyingi. Ni kweli. Ila nyumbani kila kitu ni kirusi, na mgonjwa humfundishi msamiati kabla hujampa dawa, kwa hiyo nitaendelea kusema kirusi.

Mfano wangu ni kompyuta ya mezani ya mama mdogo, Korogwe. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Kompyuta aliinunua ikiwa imeshatumika, ina Windows 10, na imebeba maisha ya nyumba nzima: mitihani ya mwezi, maazimio ya kazi, vyeti vilivyoskaniwa, akaunti anayoingilia kwenye mfumo wa watumishi wa ESS, akaunti ambayo mdogo wangu wa kike aliitumia kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, na picha za bibi zikiwemo za siku zake za mwisho. Hizo picha hazipo mahali pengine popote. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imepigwa Windows mara mbili na fundi wa mjini, na mara ya kwanza alifuta kila kilichokuwemo. Picha ziliokolewa kwa sababu tu zilikuwa bado kwenye simu ya mjomba, simu ambayo baadaye ilidondoka kwenye maji. Na bado baada ya wiki mbili kirusi kilikuwa kimerudi.

"Mwanangu, wewe fanya utakavyofanya," aliniambia. "Lakini picha za mama usizipoteze."

Sasa hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja na nusu. Kupiga Windows bila kupoteza kitu, na kirusi kisirudi, ni kazi nyingine kabisa.

Anza kwa kuuliza

Watu wengi wanaanza na antivairasi. Mimi nilianza na maswali. Sisi wa ualimu tunaambiwa mtoto akiogopa kuchekwa hanyooshi mkono. Na mtu mzima akiogopa kulaumiwa hasemi alichobonyeza. Ukiingia na "nani kaharibu hii mashine?" nyumba nzima inakuwa bubu. Niliuliza mambo matatu, tena tukiwa tunamenya viazi: flashi zinatoka hapa zinakwenda wapi? Mara ya mwisho kuweka programu mpya ilikuwa lini? Kuna siku kompyuta iliwahi kuwaomba mzime ulinzi?

Majibu yalinipa karibu nusu ya kazi. Flashi inazunguka pembe tatu: nyumbani, ofisi ya shule, na steshenari ya karibu na stendi ambako mitihani inachapwa. Mdogo wangu wa kiume, wa kidato cha tatu, alikuwa amepakua gemu la mpira "lililofunguliwa", na maelezo yake yalimtaka azime kwanza ulinzi wa Windows. Na fundi naye, baada ya kupiga Windows, aliacha folda yenye aktiveta, ile programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Hivyo hatukuwa na kirusi kimoja kinachorudi. Tulikuwa na wageni watatu, kila mmoja na mlango wake, na aliyefunga mlango mmoja aliwaachia wengine miwili.

Mgeni wa flashi

Huyu mnamfahamu. Unachomeka flashi, mafaili yako yote yamegeuka vimshale, yaani njia za mkato, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Watu wanalia kwamba kazi imefutwa. Haijafutwa. Kirusi kimeyapa mafaili yako alama ya kufichwa na alama ya "mfumo", halafu kikaweka vimshale vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimshale, kinafanya mambo mawili kwa mpigo: kinaendesha kirusi, kisha kinakufungulia folda lako halisi ili usishtuke. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi nacho miezi sita akidhani ni "tabia ya flashi". Ukitaka ushahidi, bofya kimshale kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome palipoandikwa Target. Badala ya jina la faili lako utakuta cmd.exe na nyuma yake jina la ajabuajabu linaloishia na .vbs au .js.

Mtindo huu una historia yake. Zamani Windows ilikuwa ikiona flashi inasoma faili liitwalo autorun.inf na kutii, na minyoo kama Conficker, uliozuka 2008, ulipita njia hiyo miongoni mwa nyingine. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozima utii huo kwa flashi hata kwenye Windows za zamani. Wenye virusi wakahamia kwenye vimshale: kama mashine haiendeshi yenyewe, basi mwenye mashine atabofya kwa mkono wake. Mmoja wa waliotamba kwa njia hii ni Andromeda, ambao kwa jina jingine unaitwa Gamarue. Mwishoni mwa Novemba 2017 FBI, Europol na wenzao waliuvunja mtandao uliokuwa ukiuongoza. Lakini kuvunja mtandao wa wakubwa hakusafishi flashi iliyoko kwenye droo yako.

Kirusi cha kompyuta ya mama mdogo kilikuwa cha aina rahisi, hati ya VBS. Kilikuwa kimejinakili ndani ya AppData, folda ambalo kwa kawaida limefichwa, na kilikuwa kinaendeshwa na wscript.exe. Hapa kuna mtego unaowapoteza wengi: wscript.exe yenyewe ni programu halali ya Microsoft. Ukiifuta unaharibu Windows, ukiiskani inaonekana safi. Ubaya uko kwenye karatasi aliyopewa aisome.

Na hii ndiyo sababu ya kurudi. Kirusi kinachoendelea kukimbia kwenye kumbukumbu kinajikagua kila baada ya sekunde chache. Ukifuta faili lake, kinaliandika tena. Ukifuta mstari wake kwenye rejista, kinauandika tena. Ukisafisha flashi, kinaipaka tena ikiwa bado imechomekwa, nawe unamlaumu aliyekuuzia flashi. Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito kuliko antivairasi unayotumia: kwanza kiuawe kinachokimbia, kisha zifutwe sehemu kinapojiwashia, ndipo yafuate mafaili, na flashi ziwe za mwisho.

Mgeni wa kivinjari

Huyu ana kelele kuliko wote na ndiye mwepesi kuliko wote. Pembeni chini ya skrini kilikuwa kinajitokeza kijisanduku: kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa. Mara nyingine ni kamari, mara nyingine ni picha ambazo mama mdogo alizifunika kwa kitambaa cha meza mchungaji alipopita kusalimia. Antivairasi haikuona kitu, na kwa kweli hapakuwa na faili la kuona. Mtu alifungua tovuti ya kutazamia mpira, ikamwambia "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti", akabonyeza. Hapo hakuthibitisha chochote, aliipa tovuti ruhusa ya kutuma arifa. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya ruhusa za tovuti, kwenye Notifications: ondoa kila tovuti usiyoijua. Dakika mbili.

Ila kulikuwa na kiendelezi pia, kilichobadilisha ukurasa wa kutafutia, na hiki kilikuwa hakifutiki. Kitufe cha kukiondoa kilikuwa kimefifia, na menyu ya Chrome ilikuwa inasema kivinjari kinasimamiwa na taasisi yako. Taasisi gani, sebuleni Korogwe? Ukiona maneno hayo kwenye kompyuta ya nyumbani, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani usome. Wanachofanya ni kutumia mlango ambao Google iliwawekea makampuni makubwa ili walazimishe viendelezi kwa wafanyakazi wao. Sera zenyewe zinakaa kwenye rejista, chini ya Policies, Google, Chrome. Ukizifuta pale, kitufe kinarudi, na kiendelezi kinatoka kama kingine chochote.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani ndilo lililomshinda fundi mara ya pili. Chrome ikiwa imeunganishwa na akaunti ya Google, inahifadhi orodha ya viendelezi vyako huko mtandaoni. Unapiga Windows upya, unaweka Chrome mpya, unaingia kwenye akaunti, na Chrome kwa uaminifu wake wote inakurudishia kila kitu, kiendelezi kibaya kikiwemo. Watu wanasema kirusi kimejificha kwenye ubao mama wa kompyuta. Virusi vya namna hiyo vipo: 2018 kampuni ya ESET ilieleza kimoja kiitwacho LoJax kinachokaa kwenye chipu inayoiwasha mashine. Lakini kile kilihusishwa na wadukuzi wanaowinda taasisi za serikali. Aliyeleta kamari kwa mama mdogo hana shida hizo, yeye anaingia kwa akaunti yenu wenyewe. Fungua akaunti, ondoa kiendelezi, zima usawazishaji mpaka kazi iishe.

Mgeni aliyekaribishwa

Wa tatu ndiye wa kuogopwa, na ndiye hana kelele. Gemu la kijana na aktiveta ya fundi vyote viliomba kitu kimoja: zima ulinzi, kisha niendeshe kama msimamizi. Fikiria mgeni anayekuambia umfunge mbwa kabla hajaingia, na wewe unamfunga. Nilifungua Windows Security, nikaenda sehemu ya Exclusions, nikakuta diski nzima ya C imeandikwa isikaguliwe. Maana yake Defender ilikuwa imewaka, ina alama ya kijani, inasema kila kitu kiko salama, na hakuna ilichokuwa inatazama.

Feni ya mashine ilikuwa inavuma hata pasipo kazi. Ukifungua Task Manager inatulia, ukiifunga inavuma tena. Hiyo ni dalili inayofahamika ya programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa mtu mwingine. Zinajificha zikiona unazitafuta. Luku ya nani inaisha? Ya mama mdogo.

Uchimbaji hata hivyo ni hasara ndogo. Programu za namna hii mara nyingi huja na mwizi wa nywila, anayesomba nywila zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokufanya usiingize nywila kila mara. Anaweza kufanya hivyo ndani ya dakika moja kisha akajifuta, usione hata dalili. Siwezi kuthibitisha kwamba aliwahi kupita hapo, na huo ndio ugumu wenyewe: usipoweza kuthibitisha, inabidi ufanye kama amepita. Ndiyo maana nilimwambia mama mdogo abadilishe nywila siku ileile, kwa simu yake, si kwa kompyuta hiyo. Kubadilisha nywila ukiwa kwenye mashine yenye mwizi ni kumkabidhi ufunguo mpya. Tulianza na barua pepe, kwa sababu aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila nyingine zote. Tukafuata ESS, kisha akaunti ya mkopo. Kwenye Google tukatoa vifaa vyote vilivyoingia, tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Kulikuwa na vifaa vinne kwenye orodha; vitatu vilikuwa vya kwao. Cha nne kilikuwa kompyuta ya steshenari, ambako aliwahi kufungua barua pepe yake kuchapa barua akasahau kutoka.

Kazi yenyewe

Hukumu yangu ni hii. Wageni wawili wa kwanza unaweza kuwasafisha bila kupiga Windows. Wa tatu, hapana. Programu usiyoijua ikishaendeshwa kama msimamizi na ulinzi umezimwa, huna tena haki ya kusema mashine ni safi eti kwa sababu antivairasi haijapiga kelele. Wapo wanaopenda kushindana nacho siku tatu; mimi likizo yangu ni fupi.

Lakini kwanza nilisafisha, kwa sababu nilitaka kutoa mafaili bila kuyapaka. Nilichomoa waya wa intaneti. Nikawasha mashine katika Safe Mode: unashikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, na mwisho namba 4. Katika hali hiyo Windows hainyanyui programu za kawaida za kujiwasha, kwa hiyo kirusi cha VBS kilikuwa kimelala. Hapo nikatumia Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals, ambayo iko chini ya Microsoft tangu 2006. Inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha kwenye mashine: rejista, folda la Startup, ratiba za kazi, vyote mahali pamoja. Usiogope wingi wake. Soma njia ya faili, si jina tu. Programu inayojiita sasisho la Google lakini inakaa AppData, tena inaita wscript, hiyo siyo ya Google. Nilikuta sehemu tatu: mstari wa Run kwenye rejista, nakala kwenye Startup, na kazi kwenye Task Scheduler iliyopangiwa kuamka kila baada ya nusu saa. Fundi wa kwanza aliwahi kuja nyumbani akafuta ile nakala ya Startup tu. Mama mdogo anakumbuka kuwa ilitulia jioni moja. Ondoa alama ya tiki kwanza, washa upya, uone. Ukiridhika ndipo ufute.

Baada ya hapo niliendesha Defender Offline, ukaguzi unaofanyika Windows yenyewe ikiwa haijawaka, unaochukua kama robo saa. Kabla yake nilifuta ile orodha ya Exclusions, vinginevyo ni kazi bure. Ukitaka jicho la pili kuna Microsoft Safety Scanner, ila kumbuka nakala moja inakufa siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo usiipakue mwanzo wa muhula ukidhani umejiandaa.

Mafaili niliyatoa kwa Ubuntu niliyoiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Vimshale na hati za VBS za Windows hazifanyi kitu humo, na mafaili yaliyofichwa kwa alama za Windows yanaonekana wazi. Nilichukua nyaraka, picha, video na rekodi za sauti. Sikuchukua chochote kinachoishia na .exe, .vbs, .js, .bat, .scr wala .lnk, hata kama jina lake ni "Mtihani wa Machi". Hasa kama jina lake ni "Mtihani wa Machi". Picha za bibi nilizinakili mara mbili, diski ya nje na akaunti mpya ya mtandaoni, kisha nikafungua moja moja mbele ya mama mdogo mpaka aliposema inatosha. Zilikuwa 214. Kazi hii ilichukua jioni nzima kwa sababu kila picha ina hadithi yake. Sikuiharakisha, mwenye mali asipoona kwa macho yake, usiku hatalala wala hatakuruhusu kufuta diski.

Kama huna Ubuntu na mafaili yamefichwa kwenye flashi, fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Yatarudi kuonekana. Fanya hivyo baada ya kuua kirusi, si kabla.

Kisha Windows mpya. Faili lake rasmi ni zaidi ya gigabaiti nne, na flashi ya kulibebea iwe na angalau gigabaiti 8. Ushauri wangu: lipakue kwa mtandao wa maktaba kabla chuo hakijafungwa, maana kwa bando la nyumbani utalia. Litoke tovuti ya Microsoft yenyewe, lisitoke kwenye flashi ya rafiki, kwa sababu flashi za Windows zinazozunguka hosteli nyingi zina aktiveta ndani, na hapo unakuwa umemrudisha mgeni wa tatu kabla hata sabuni haijakauka. Wakati wa kusakinisha futa vipande vyote vya diski.

Hapo ndipo tulipopata la kuchekesha. Windows mpya ilipounganishwa na intaneti ilijithibitisha yenyewe. Mashine zilizotoka viwandani na Windows 10 mara nyingi hubeba leseni ndani ya ubao wake. Leseni ya hii ilikuwa ya Home, fundi alikuwa ameweka Pro, ikakataa, akaleta aktiveta. Mwaka mzima nyumba ile imekaa na mwizi kwa ajili ya kitu ambacho mama mdogo alishakilipia siku aliponunua kompyuta.

Sikuweza kumpandisha kwenye Windows 11. Mashine ni ya zamani mno kwa masharti yake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025, na kwa watu wa kawaida Microsoft imetoa nyongeza ya usalama inayofika 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Nimemwandikisha. Baada ya hapo itakuwa Linux Mint, na nimeshamwonyesha LibreOffice inavyofungua mitihani yake. Alikunja uso kwa sababu jedwali moja lilihama mstari. Tutaongea.

Baada ya sabuni

Mabishano makubwa hayakuwa ya kirusi, yalikuwa ya akaunti. Nilitaka kila mtu awe na akaunti yake ya kawaida, na ile ya msimamizi iwe na nywila anayoijua mama mdogo peke yake, ili gemu likiomba ruhusa ya kujisakinisha likutane naye. Akakataa. "Hawa ni wanangu, nianze kuwafungia milango?" Kijana naye akanuna. Tulikubaliana tu nilipomwonyesha kwamba hata yeye mwenyewe atatumia akaunti ya kawaida siku zote. Ya msimamizi ni kama stoo, inafunguliwa kukiwa na haja. Kwa kijana nilimwekea gemu la mpira la bure kutoka duka la Microsoft. Si zuri kama lile, anasema.

Nilizima pia Windows Script Host kwenye rejista, kwa kuweka thamani iitwayo Enabled kuwa 0 chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows Script Host, Settings. Nyumba ya kawaida haina kazi nayo, na bila hiyo hati za VBS za kwenye flashi zinakosa msomaji. Kwenye File Explorer nikawasha maonyesho ya miishio ya majina ili "Matokeo.doc.exe" ionekane jinsi ilivyo.

Bado ile pembe tatu ya flashi. Tulikusanya flashi zote za nyumba, zilikuwa saba, na tano zilikuwa na vimshale. Tulizisafisha, lakini mitihani lazima ichapwe, na kompyuta ya steshenari siwezi kuisafisha mimi. Wazo la kwanza lilikuwa kutuma kwa WhatsApp ya mwenye steshenari. Mama mdogo akaniangalia tu: mtihani ukae kwenye simu ya mtu wiki nzima kabla wanafunzi hawajaufanya? Yuko sahihi. Tukanunua kadi ya SD yenye kile kitufe kidogo cha kufunga ubavuni, na kisoma kadi cha USB. Unaweka mtihani, unafunga, unakwenda kuchapa. Mashine ya kule inaweza kusoma ila haiwezi kuandika. Kufuli lile hutegemea kisoma kadi kulitii, kwa hiyo jaribuni kwanza nyumbani kufuta faili kadi ikiwa imefungwa. Letu lilikataa kufuta. Pia abaki hapo mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta yao.

Wiki tatu baadaye nilimpigia nikamwongoza kwa simu: fungua Exclusions, pawe tupu, fungua Autoruns, linganisha na picha niliyokuachia, chomeka flashi uone kama kuna vimshale. Pako safi. Kilichobaki ni ofisi ya shule, ambako mwalimu mkuu amesikia habari na ametuma salamu kwamba likizo ijayo nipite. Kuna kompyuta mbili, aktiveta kwenye zote, na flashi ambazo hakuna anayejua idadi yake wala wenyewe.